Kigoda Hakina Mgongo

Katika ukumbi wa klabu yetu hapa Korogwe, mtu haimbi akiwa amesimama. Anaimba amekaa, na anakaa kwenye kiti chake mwenyewe, alichokitoa nyumbani kwake siku alipoomba kuingia. Kwa hiyo hakuna viti viwili vinavyofanana. Kuna cha mninga chenye mikono, kuna cha chuma kilichotoka ofisi ya shamba la mkonge, kuna kimoja cha kamba za plastiki ambacho mwenyewe hukisuka upya kila kikilegea, na kuna cha baba yangu, cha mbao nyeusi, chenye mgongo mrefu kama wa kiti cha hakimu. Ukitaka kujua mwanachama ni mtu wa namna gani, usimsikilize akizungumza. Tazama alileta kiti gani.

Klabu waliianzisha makarani na wanyapara wa mkonge, enzi ambazo Wazungu wa mashamba walikuwa na klabu yao yenye piano, na Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba sinia. Babu yangu, aliyeletwa kutoka kusini pamoja na manamba wenzake, vibarua wa mkataba, kisha akapandishwa kuwa karani wa mizani, alikuwa mmoja wa waanzilishi. Walifungiwa mlango, nao wakajenga ukumbi wao ili wawe na mlango wa kumfungia mtu. Nasema hivi huku naipenda klabu, maana nimelelewa humo. Lakini nasema.

Hapauzwi tiketi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya alasiri, wanachama hukusanyika na kupigiana muziki wenyewe kwa wenyewe. Leo hii kuna mfanyabiashara wa mahindi anayepiga fidla, fundi wa matrekta mwenye gitaa, walimu wastaafu wenye sauti zao na maringo yao. Simu zote huachwa jikoni, ndani ya sufuria kubwa la wali lenye kifuniko, ili mtu asipige wala asirekodi. Zamu inazunguka kiti kwa kiti. Wimbo ukimalizika watu hawapigi makofi, wanagonga mkono wa kiti kwa vifundo vya vidole, ko ko ko, na asiye na mkono wa kiti hugonga mbao aliyokalia.

Kuingia ndiko kugumu. Anayeomba huleta kiti chake kabla ya magharibi, na katibu hukiweka kwenye duara kikiwatazama wenzake. Magharibi ikiingia, Waislamu huvuka barabara kwenda msikitini, sisi wengine hutoka kwenda barazani, na ukumbi unabaki mtupu. Hapo ndipo asiyemtaka mwombaji huingia peke yake na kukigeuza kiti kitazame ukuta. Mmoja tu anatosha. Watu wakirudi wanaona. Hakuna anayeuliza ni nani, na hakuna anayejibu. Niliwahi kumwona mwalimu mzima akivuka reli na kiti chake kichwani, anatazama mawingu kana kwamba kilichomtoa ukumbini ni mvua.

Hakuna kanuni iliyosema mwanamke asiwe mwanachama. Haikuhitajika. Wanawake tulikuwa jikoni, na kila Ijumaa kabla ya onyesho tulipeana zamu ya kupaka ukumbi nta nyekundu na kuusugua kwa magunia mpaka sakafu ing'ae. Kati ya jikoni na ukumbi kuna dirisha dogo la kupitishia sahani. Mama yangu aliimba kwenye dirisha hilo.

Ilianza kabla sijazaliwa. Baba alikuwa akipiga akodiani yake, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, ukumbini, mama anachambua mchele upande wa pili wa ukuta, wimbo anaujua, akauitikia. Hakuna aliyemkataza. Basi ikawa desturi: ikifika zamu ya baba, mama anapangusa mikono, anavuta kigoda chake mpaka chini ya dirisha, anaimba akiutazama ukuta wenye masizi. Sauti ilikuwa inapita pale penye sahani. Na wimbo ulipomalizika wanachama waligonga viti vyao, wakamgeukia baba wakasema, "Akodiani ya mzee huyu ina mtu ndani." Baba alitabasamu. Walisema hivyo mbele yangu miaka na miaka, na mtu mwenyewe yuko hatua chache kutoka hapo, anapakua.

Mwaka juzi shingo ya mama ilivimba. Kwanza tulidhani amenenepa, akatutania kwamba biashara yangu ya vifungo na zipu sokoni imeanza kumlisha vizuri. Kisha akaanza kukabwa akilala. Daktari wa hospitali kubwa alitukalisha wote watatu na kutuonyesha kwa kidole chake shingoni mwake mwenyewe: tezi iko hapa, lazima itolewe, na mshipa unaoendesha sauti umepita nyuma yake hapa. Mama akauliza sauti itakuwaje. Daktari hakumficha. Alisema inaweza kubaki, inaweza kwenda ikarudi, inaweza isirudi.

Usiku ule, mezani, mama akasema, "Nataka kiti."

Baba akauliza kiti gani.

"Kiti ukumbini. Niimbe nikiwa ndani, nikiwatazama watu. Mara moja, kabla hawajanikata."

Baba alikuwa anamenya chungwa. Aliendelea kulimenya mpaka ganda likatoka lote bila kukatika. "Peleka," akasema. "Nani amekukataza?"

Kabla ya siku ya upasuaji yalikuwa yamebaki maonyesho mawili. Kwa la kwanza nilimbebea mama kiti cha mezani kwetu, kizuri, chenye mgongo wa fito, nilichokipaka vanishi mwenyewe. Katibu wa klabu, mzee mpole anayepiga kinubi kidogo alichorithi kwa mjomba wake, alikitazama, akamtazama mama, akafuta miwani. "Karibu, mama," akasema, akakiweka kwenye duara. Nilitafuta uso wa kununa ukumbini nisiuone. Mfanyabiashara wa mahindi alisema kwamba kiti kimepakwa vizuri. Wakati wa magharibi nilikuwa barazani na wengine, na nilipohesabu moyoni wanaume walioweza kuingia ndani, niliwachukia wote kwa mkupuo mmoja ili nisikosee.

Tuliporudi, kiti kilikuwa kinatazama ukuta.

Mama alitoka jikoni akiwa ameshika upawa, akatazama kiti, kisha akainama akatazama sakafu, muda mrefu kidogo. Nilidhani anaficha machozi. Akaniambia, "Kibebe, mwanangu," akarudi kupakua. Ilipofika zamu ya baba, mama aliimba dirishani kama kawaida. Mimi niliketi nje na kile kiti na sikutaka kusikia.

Mwezi uliofuata ndio ulionimaliza. Nilishindwa kula. Kila mwanachama aliyepita sokoni kununua uzi nilimtazama mikono. Mama naye sauti ilianza kukwaruza, asubuhi alikuwa anaamka anaongea kama mtu mwenye mafua, na baba akisikia hivyo anatoka nje kulisha kuku ambao walishalishwa. Nilimwambia mama tuachane nao, akaimbe kanisani, akaimbe kwa ndugu zake kijijini Sindeni, kuna watu wengi wa kumsikiliza duniani. Akasema hao anaowataka yeye ndio waliomsikia maisha yake yote bila kumwona.

Nikaenda kumuuliza katibu kama inawezekana kuomba tena. Alisema kanuni inakataza kiti kilichogeuzwa kisirudi. Kuhusu mtu kurudi, haikuwahi kutokea, maana hakuna aliyewahi kuwa na moyo huo. Nilimpelekea mama jibu hilo. Alikuwa amekaa nje anatwanga kisamvu, na nilipomaliza aliacha mchi, akajitazama alipokaa.

Jumamosi ya onyesho la pili alikuja na kigoda. Ni kile kile cha jikoni, anachokwenda nacho na kurudi nacho kila mara, kidogo, cha miguu mitatu, ambacho baba yake alimchongea kule Sindeni alipoolewa, kimekaliwa mpaka katikati pamebonyea. Mmoja wa walimu wastaafu alicheka kidogo, akajifanya anakohoa. Katibu alikipokea kwa mikono miwili, akasimama nacho, akiwa hajui upande gani ni mbele. Akakizungusha, akakirudisha. Mwishowe akakiweka tu kwenye duara, kati ya kiti cha hakimu cha baba na kile cha kamba za plastiki.

"Hiki ni kiti, mama?" akauliza kwa upole.

"Nimekikalia nikiwapikia ninyi, baba. Sikuwahi kuanguka."

Adhana ikaanza. Watu wakatoka. Safari hii sikwenda barazani, nilibaki jikoni na mama, na kile kidirisha tulikiacha wazi upana wa kiganja. Mama alikuwa anakoroga chai. Nilitaka kumwona mtu huyo. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia, mengine siwezi kuyaandika hapa.

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa polepole, akaingia baba.

Kwanza nilifurahi. Nilidhani amekuja kukilinda kigoda, na nikaona aibu kwamba sikuwa nimewaza kwamba angefanya hivyo. Alitembea mpaka kwenye duara, akainama. Akaweka mkono juu ya kigoda, mahali ambapo kwenye kiti pangekuwa na mgongo, na mkono ukakosa cha kushika. Akakinyanyua, akakizungusha, akakiweka. Akarudi nyuma hatua moja akakitazama. Kilikuwa vile vile. Akakinyanyua tena, akakizungusha nusu, akakiweka. Kilikuwa vile vile. Baba akabaki amesimama, mikono inaning'inia, mzee mzima mbele ya kigoda.

Nilimgeukia mama. Hakuwa ameshtuka.

"Ulijua?" nikamnong'oneza.

"Tangu ile ya kwanza."

"Nani alikwambia?"

"Sakafu. Wao wote huburuta viti, nta inabaki na mikwaruzo mpaka Ijumaa yetu. Kile kilinyanyuliwa. Baba yako havumilii sauti ya kiti kinachoburutwa, hata nyumbani hunyanyua." Akaonja chai, akaongeza sukari. Kisha akasogea dirishani, akalisukuma likafunguka lote, na akasema kwa sauti ya kila siku, "Mzee, chai iko tayari."

Baba akainua uso. Walitazamana kupitia pale penye sahani. Sijui ilichukua muda gani, lakini kwangu ulikuwa mrefu kuliko ndoa yao.

"Nakuja," baba akasema.

Watu waliporudi kila mmoja alikitazama kigoda, na kila mmoja akaelewa shida iko wapi. Hakuna aliyeweza kusema kama kimegeuzwa au hakikugeuzwa. Fundi wa matrekta alichuchumaa akakichungulia kwa chini. Walimu wakaanza kubishana, mmoja anasema kigoda si kiti kwa hiyo ombi halipo, mwingine anasema babu zetu wote walikalia vigoda. Katibu akagonga kiti chake, wakanyamaza. Akasema jambo ambalo halikuwahi kusemwa katika ukumbi ule.

"Sisi hatuulizani. Lakini leo macho hayatusaidii. Kama yupo aliyekigeuza, aseme sasa."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa kichwani, mkono mmoja juu ya uvimbe wa shingo. Mimi nyuma yake. Tulikuwa watatu tunaojua, na mmoja wetu angesema neno moja tu, kigoda kingerudi jikoni na mama angekwenda hospitali bila kuimba. Nilimkazia baba macho mpaka yakauma. Alikuwa amekaa, amejiinamia, anafungua mikanda ya akodiani. Alifungua wa kwanza. Wa pili ulikuwa umekaza, akahangaika nao, na tulisikia kibano cha mkanda kikigonga mbao. Alifungua midomo. Kisha akaifunga, akaipakata akodiani kifuani, akatazama mbele.

Katibu akangoja kidogo zaidi. "Basi, mama," akasema, "karibu ukae."

Mama akavuka kizingiti. Nilimwona akipita kwenye sakafu aliyoisugua nusu ya maisha yake kana kwamba ina maji, akakaa. Kwa sababu kigoda ni kifupi, magoti yake yalipanda juu na kichwa chake kilifika usawa wa kiwiko cha baba. Ilimbidi kuwatazama watu kutoka chini. Nao walikuwa wanamtazama kama wageni. Wapo waliomjua kwa sauti tu na kwa mkono unaotoa sahani.

Aliimba wimbo aliourithi kwa bibi yake, wa mwanamke anayemngoja mumewe atoke kambi ya mkonge, anaweka chakula, kinapoa, anapasha, kinapoa. Baba alianza juu mno, kwa mazoea. Mama akaweka mkono kwenye goti la baba na kubonyeza chini, naye akashusha. Sauti ilikuwa na mkwaruzo sasa, nzito kuliko zamani, na ilijaza ukumbi kwa namna ambayo dirisha halikuwahi kuiruhusu. Jikoni simu zilikuwa zinaungurumia ndani ya sufuria. Nililifunika kwa khanga zangu mbili. Ya kwangu nayo ilikuwa humo, chini kabisa, na nilipowaza kurekodi nilijua kwamba nikifunua kifuniko kelele itaingia kwenye wimbo. Nikaacha.

Ubeti wa mwisho, pale mwanamke anapoacha kupasha chakula, sauti ilikatika. Katikati ya neno, kabisa, hewa tu ikatoka. Baba akasimamisha akodiani mara hiyo hiyo, akangoja, ameikunjua nusu, bila kuvuta wala kusukuma. Mama akameza mate, akashika tena neno lile lile, akalimaliza. Viti viligongwa mpaka mbu wakatoka nyuma ya mapazia.

Alikatwa siku chache baadaye. Uvimbe ulitoka wote, na sauti ikaondoka nao. Daktari alisema tungoje, tukangoja, na hadi leo anazungumza kwa mnong'ono ambao ukiwa chumba cha pili husikii.

Baba alinieleza mwenyewe, sikumwomba. Tulikuwa kwenye benchi la wodini, mama amelala. Alisema, "Mimi bila dirisha lile ni mzee anayevuta mfuko wa upepo. Nilijua akiingia ndani watajua." Nilimwambia kwamba angeweza kumpa mara ile ya kwanza, sauti ilipokuwa nzima, na kwamba alimwibia mwezi mmoja ambao hana pa kuupata. Akasema anajua. Nilitaka aseme zaidi. Nilitaka abishe, ili nipate pa kupigia kelele. Hakubisha.

Mama alirudi klabu mara tu jeraha lilipokauka. Kigoda chake kilikuwa pale pale, na yeye ni mwanachama, na katika klabu yetu zamu ya mwanachama hairukwi. Nilikuwa dirishani, maana sahani hazijipakui. Zamu ilizunguka, fidla, gitaa, walimu, ikafika kwake. Watu wakatazama magoti yao. Katibu alifungua mdomo, nadhani ili aipitishe zamu kwa heshima, na mama akamtikisia kichwa.

Baba akaanza kupiga. Ule ule wimbo, chini, pale mama alipomshusha kwa mkono. Alipiga utangulizi, akafika pa sauti kuingia, akaacha. Hakujaza. Aliacha nafasi ya ubeti mzima, anavuta upepo taratibu bila kubonyeza kitufe, kisha akapiga kiitikio, akaacha tena. Midomo ya mama ilikuwa inakwenda. Kwa wale waliousikia siku ile, na walikuwa wote, kila neno lilikuwa mahali pake. Kwenye ubeti wa mwisho, mahali sauti ilipokatika, baba alisimamisha hata ule upepo. Akangoja urefu ule ule. Kisha akamalizia.

Viti vikagongwa. Kigoda hakina mkono, na mama alikuwa amekikalia chote, hakikumbakizia mbao ya kugonga. Akageuka akagonga goti la baba kwa vifundo vya vidole, ko ko ko, kama anavyopaswa mwanachama kumgongea mwenzake. Baba akainamisha uso kwenye akodiani na hakuuinua.

Mimi nilikuwa bado na hasira naye, na ninayo mpaka leo. Nililifunua sufuria nikaanza kuwarudishia watu simu zao.